Mali Bila Daftari

Ukitoka Kibwezi ukavuka Mto Athi na kuingia Kitui Kusini, utapita soko baada ya soko penye maduka yaliyofungwa, na juu ya milango yake bado pameandikwa kwa rangi jina la mzee fulani na maneno "na Wanawe". Mzee alishafariki. Wanawe wako Nairobi, Mombasa au Machakos, na kufuli limeshika kutu. Ukiwauliza majirani kisa, watakutajia ukame, watakutajia barabara ilivyokuwa mbovu, watakutajia supamaketi za mjini zilizovuta wateja. Hayo yote yana ukweli wake. Lakini mimi nimekulia nyuma ya kaunta ya duka kama hilo hapa Ikutha, na kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeshika hesabu za vituo vya mafuta na maduka ya familia yetu. Nilichojifunza ni kwamba mengi ya maduka yale yaliangushwa na jambo la ndani ya nyumba: hesabu ambayo haikuandikwa, au iliyoandikwa na mtu mmoja wengine wakafichwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeona mali ikipotea hivyo, na nimeona daftari likiiokoa.

Ikutha ni mji wa njiani tangu zamani. Kabla reli haijapita Kibwezi mwishoni mwa karne ya 19, Wakamba walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani kwa misafara yao wenyewe. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmishenari Krapf mwaka 1849 na kuuawa karibu na Mto Tana mwaka 1851, alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa biashara hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wamishenari Walutheri kutoka Ujerumani walijenga kituo chao hapa Ikutha. Baadaye reli na barabara kuu ya Mombasa vikapita ng'ambo ya Athi, nasi tukabaki na njia ya vumbi, Mutomo na Kitui upande mmoja, Kibwezi upande wa pili. Mvua kubwa ikinyesha, njia ilikatika. Kwa hiyo bidhaa yoyote iliyofika sokoni kwetu ilikuwa imebeba nauli nzito, na mwenye duka aliyedumu alikuwa yule aliyejua gharama halisi ya kila kitu mpaka kinapowekwa kwenye rafu.

Baba alianza na pipa moja la mafuta taa la lita 200, mwishoni mwa miaka ya 1970. Alilinunua Kibwezi, likaletwa juu ya lori lililobeba saruji, akalilaza juu ya magogo mawili katika kibanda cha mabati nyuma ya duka. Soko halikuwa na umeme. Jioni wanawake na watoto walikuja na chupa za soda, na chupa moja ndiyo iliyokuwa kipimo chetu: mafuta ya kibatari ya siku mbili tatu. Mama, mwaitu kama tulivyomwita, alikuwa na sheria ambayo haikuvunjwa hata siku ya soko watu wakijaa mlangoni. Aliyegusa mafuta taa hakugusa mkate, unga wala sukari mpaka anawe kwa sabuni na majivu. Unga hunyonya harufu upesi. Mfuko mmoja ukinuka mafuta, mteja huurudisha, na kufikia jioni soko zima lina habari. Basi mtoto mmoja alipewa zamu ya mafuta na mwingine zamu ya unga, na faneli ilitundikwa kwenye msumari wake nje, haikuingia dukani kamwe.

Kando ya kisanduku cha pesa palikaa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kurasa nyingi zilikuwa za madeni ya wateja, kwa sababu watu wa kwetu walikopa wakingoja ndengu zikomae na kuuzwa. Ila ukurasa ulionifunza biashara ulikuwa na kichwa cha neno moja: Nyumba. Kilo ya unga iliyopikwa jikoni kwetu iliandikwa hapo. Sabuni tuliyoogea, chumvi, kiberiti, mafuta ya taa tuliyosomea, hata peremende ya mtoto, vyote viliandikwa kwa bei ya kununulia. Mwisho wa mwezi Baba alijumlisha na kulilipa duka kutoka kwenye fungu lake, kama mteja mwingine yeyote.

Mwaka 1984, mvua iliposhindwa sehemu kubwa ya nchi na watu wakala mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, ukurasa huo ndio uliotuonyesha tulipo. Wateja hawakuwa na cha kulipa. Usiku mwaitu alisoma daftari kwa sauti, jina kwa jina, naye Baba akasema nani aendelee kukopeshwa na nani aombwe kusubiri. Walipofika kwenye ukurasa wa Nyumba waliona kwamba mdeni mkubwa kuliko wote ni sisi wenyewe. Wakapunguza matumizi yetu kwanza, kabla ya kumnyima mtu chupa ya mafuta. Duka moja lililokuwa karibu nasi, lenye mtaji mkubwa kuliko wetu, lilifungwa katika msimu huo huo. Mwenyewe alikuwa akitoa kwenye rafu bila kuandika, akitoa kwenye kisanduku bila kuandika, na siku aliyotaka kwenda Kibwezi kununua mali alikuta hana cha kununulia. Hakuna aliyemwibia. Alikula duka lake polepole, yeye na watu aliowapenda.

Mpaka Oktoba 1994 serikali ndiyo iliyopanga bei ya mafuta nchini, na biashara yenyewe ilikuwa mikononi mwa kampuni chache: Shell na BP, Caltex, Esso, Total, Agip, pamoja na Kenol na Kobil. Soko lilipofunguliwa, mtu mwenye kiwanja kando ya barabara, tangi na leseni aliweza kununua mafuta kwa jumla na kuyauza kwa jina lake mwenyewe. Miaka iliyofuata majina makubwa yalianza kubadilishana mikono. Total ilinunua biashara ya Caltex hapa Kenya mwaka 2009, na Kenol, iliyoanzishwa mwaka 1959 na baadaye kuungana na Kobil, iliishia kwa Rubis ya Ufaransa mwaka 2019. Kampuni kubwa zilitazama barabara kuu na miji mikubwa. Njia ndogo kama yetu ziliachiwa wenyeji, na familia nyingi za wenye maduka zikaingia.

Baba aliuza ng'ombe, akaongeza mkopo wa chama cha akiba na mikopo, akazika tangi la kwanza. Kwa vile umeme haukuwa umefika, pampu ile ilizungushwa kwa mkono. Kazi ya kupima tangi nilipewa mimi, binti yake wa pili. Kupiga dipu kunataka utulivu. Unafungua kifuniko alfajiri kabla ya gari la kwanza. Unaupangusa ufito wa kupimia kwa kitambaa kikavu, unaipaka ncha yake dawa ambayo hubadilika rangi ikikutana na maji, unauteremsha taratibu mpaka uguse chini, kisha unauinua na kusoma alama ya unyevu papo hapo, maana petroli hukauka ukiitazama. Halafu unafungua jedwali la tangi linalogeuza sentimita kuwa lita. Baba aliongeza sharti lake: dipu isomwe na watu wawili, na wote wawili watie sahihi. Hata alipopima mwenyewe, alimwita mtu wa pili.

Sharti hilo lilimwokoa kijana mmoja. Kulikuwa na miezi ambayo tangi lilionekana kupungukiwa kuliko mauzo ya pampu, na mmoja wa ndugu zangu alikuwa tayari amemtilia shaka mhudumu wa zamu ya usiku. Baba alitaka daftari kwanza. Tukaketi, tukapitia dipu za asubuhi na jioni pamoja na stakabadhi za lori. Upungufu haukuwa na uhusiano na zamu ya kijana yule. Ulitokea kila tulipopokea mzigo mchana, jua likiwa kali. Petroli hutanuka kwa joto. Tofauti ya nyuzi 10 hubadilisha ujazo wake kwa karibu asilimia 1, yaani lita 100 katika kila lita 10,000. Lori lililoshinda juani hukuuzia lita za moto, nazo zikipoa ndani ya tangi lililozikwa ardhini hupungua. Tangu hapo tulipokea mafuta usiku au alfajiri kila ilipowezekana, na upungufu ukapungua. Kijana yule alibaki kazini, na baadaye akawa msimamizi wa kituo chetu cha pili. Ukiwa na maandishi unaweza kutofautisha joto, uvujaji na wizi. Bila maandishi unabaki na dhana, na dhana humwangukia mnyonge.

Watu wengi hudhani kituo cha mafuta ni mgodi wa pesa, kwa sababu wanaona noti zinavyopita. Ukweli wake ndio huu: karibu pesa yote ya pampu ni ya lori lijalo. Faida ya lita moja ni shilingi chache. Tena tangu Desemba 2010 serikali hutangaza bei ya juu ya mafuta kila mwezi, tarehe 14, mji kwa mji, kazi ambayo sasa inafanywa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Ndani ya bei hiyo, faida ya muuzaji wa rejareja imekadiriwa tayari. Mafuta yakipanda bei, faida yako kwa lita haipandi nayo, ila fedha unazohitaji kujaza tangi lile lile huongezeka. Tuliliona hilo vizuri mwaka 2023. Julai, kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba petroli ilikuwa imevuka shilingi 200 kwa lita. Kisanduku kilijaa noti kuliko wakati mwingine wowote, na wakati huo huo tulikuwa hatarini kuliko wakati mwingine wowote. Familia isiyosoma hesabu yake huona kisanduku kimejaa, ikalipa karo, ikanunua kiwanja, ikafanya harusi, na lori linapofika langoni, haina cha kulilipa.

Ndiyo maana duka lililo kando ya pampu lina uzito mkubwa. Kampuni kubwa zililijua hilo mapema. Shell ina maduka yake ya Select na Total ina Bonjour. Marekani, katika mji wa Altoona jimboni Pennsylvania, Bob Sheetz alinunua mwaka 1952 duka moja kati ya maduka ya maziwa ya baba yake, na mwaka 1973 familia ikaongeza pampu za petroli. Leo Sheetz ina vituo mamia kadhaa na bado ni mali ya familia hiyo. Walitoka kwenye duka wakaenda kwenye mafuta, njia ile ile tuliyoipita sisi kwa kiasi chetu. Kwetu mkate, maziwa, soda, muda wa maongezi, oili ya injini na tyubu za pikipiki ndivyo vilivyolipa mishahara. Pampu ilileta watu, duka likalisha familia.

Bidhaa za dukani zilibadilika kadiri nchi ilivyobadilika, na daftari lilikuwa la kwanza kutuambia. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mwaitu ndiye aliyesema tuombe uwakala, kwa sababu aliona kwenye madeni majina ya akina mama ambao waume zao walikuwa Mombasa. Kadiri pesa zilivyotumwa kwa simu, madeni yao yalilipwa. Karibu mwaka 2008, VAT ilipoondolewa kwa pikipiki ndogo, bodaboda wakajaa, na kituo kikaanza kuishi kwa vijana wanaotia petroli ya shilingi 100 mara nyingi kwa siku. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Bei yake ilipopanda, biashara iliyotulea ilififia, nasi tukahamia mitungi ya gesi na taa za sola. Baba hakuhuzunika. Alikuwa ameona mstari wa mafuta taa ukishuka kwenye hesabu tangu umeme ulipoanza kufika vijijini.

Kisha ikaja lami. Barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui hadi Migwani, karibu kilomita 190, ilianza kujengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Safari ya Kibwezi iliyokuwa ya nusu siku ikawa ya muda mfupi. Kwa msafiri hiyo ilikuwa neema tupu. Kwa mwenye kituo ilikuwa mtihani: magari yaliongezeka, lakini pia dereva sasa anaweza kutia mafuta Kibwezi na kupita Ikutha bila kusimama. Vituo vipya vilichipuka. Sisi tulikuwa na vituo vitatu wakati huo, na tulijua kwa kila kimoja gharama ya lita moja, mauzo ya duka kwa siku na muda ambao mali hukaa kwenye rafu. Hatukuhitaji kubahatisha. Kituo kimoja tulikipunguza, kimoja tukakipanua, na cha tatu tukakiwekea vyoo safi, maji na chai ya moto kwa madereva wa malori. Hicho cha tatu ndicho kinachofanya vizuri kuliko vyote.

Aprili 2022, serikali ilipochelewa kuzilipa kampuni za mafuta fedha za ruzuku, mafuta yaliadimika nchi nzima, na vituo vidogo visivyo na jina kubwa vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kukauka. Foleni za pikipiki zilifika barabarani. Kuna waliotoa noti juu ya bei iliyotangazwa. Kaka yangu mkubwa aliandika utaratibu kwenye kadibodi na kuitundika kwenye pampu: kila pikipiki lita mbili, gari la wagonjwa na la shule kwanza, bei ni ile ile. Kila lita iliyotoka siku hizo iliandikwa ilikokwenda. Msukosuko ulipokwisha, hakuna ndugu aliyeweza kusema mwenzake aliuza mafuta usiku kwa mlango wa nyuma, na hakuna mteja aliyeweza kutusengenya.

Nimezifuatilia kwa karibu familia kubwa za biashara nchini, kwa sababu naona kwao mambo yetu yakiwa yameongezwa ukubwa. Joram Kamau alifungua duka Rongai, karibu na Nakuru, mwaka 1983, na kutoka hapo ikakua supamaketi ya Tuskys, yenye matawi zaidi ya 60. Alifariki mwaka 2002. Miaka kumi baadaye wanawe walikuwa mahakamani wakishutumiana juu ya fedha za kampuni, na kabla ya miaka kumi mingine kutimia rafu zikawa tupu, wauzaji bidhaa hawajalipwa na wafanyakazi hawana kazi. Nakumatt, iliyotokana na duka la magodoro la familia ya Shah mjini Nakuru, nayo ilivuka matawi 60 katika nchi nne, ikazama kwenye madeni, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe.

Upande wa pili yupo Peter Mukuha Kago, ndugu yake Joram, aliyeanzisha biashara iliyokuja kuwa Naivas. Familia hiyo pia haikuepuka ugomvi. Baada ya mzee kufariki mwaka 2010, mmoja wa watoto alikwenda mahakamani kudai hisa zaidi, na mazungumzo ya kuiuzia Massmart ya Afrika Kusini sehemu ya kampuni yakakwama. Tofauti niionayo ni kile kilichofuata. Mwaka 2020 Naivas iliuza karibu theluthi ya umiliki kwa wawekezaji wa nje, na mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius ikaingia. Mwekezaji wa namna hiyo haweki fedha mahali ambapo hesabu hazisomeki. Leo Naivas ina matawi zaidi ya 100. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule, mji wa kuanzia ni ule ule. Sidai kwamba hesabu pekee ndizo zilizoamua, kwa maana biashara ina mengi, lakini kampuni moja ilifika mahali wageni waliweza kuzikagua hesabu zake na kuziamini, na nyingine ilifika mahali ndugu wa tumbo moja hawakuziamini.

Kwetu sisi jambo lilifika nyumbani Desemba moja, Baba akiwa bado na nguvu za kutembea mpaka kituoni. Alituita wote, wa kiume na wa kike, waliooa na walioolewa. Baba mdogo alikuwepo, na alisema kwa heshima lakini bila kuficha: binti aliyeolewa hubeba mali kwenda kwa watu, kwa hiyo mambo haya yazungumzwe na wanaume. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika Julai 1981, haimtofautishi mtoto wa kiume na wa kike, na Katiba ya 2010 imesisitiza usawa huo. Baba hakutaja sheria. Alinyosha mkono kwenye rundo la madaftari yaliyokuwa mezani akasema, "Fungua lolote, mdogo wangu. Unaona sahihi ya nani hapo alfajiri? Huyu alikuwa anapima tangi wakati wana wangu wamelala." Baba mdogo alifungua, akasoma, akalifunika daftari. Mjadala huo haukurudi tena.

Siku hiyo tuliamua mambo ambayo yametuvusha mpaka leo. Biashara iliandikishwa kuwa kampuni, na kila mtoto akapewa hisa. Anayefanya kazi kituoni hulipwa mshahara wa kazi hiyo. Asiyefanya kazi hupata gawio la hisa zake tu, faida ikipatikana, na hakuna anayepata mshahara kwa jasho la mwenzake. Kila tarehe 5 ya mwezi, muhtasari wa hesabu za vituo vyote hutumwa kwa simu kwa wenye hisa wote, hata yule anayeishi mbali asiyeuliza. Tangi, kiwanja au kituo hakiuzwi bila sahihi ya wote. Na ukurasa wa Nyumba ulibaki.

Ukurasa huo ulipimwa baada ya Baba kufariki. Mmoja wa ndugu zangu alipatwa na shida ya karo za watoto, akachukua fedha za mauzo ya siku tatu. Katika familia nyingi nilizozijua, hapo ndipo chuki huanza: mmoja anasema mwizi, mwingine anasema ni haki yangu. Sisi tulikuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo. Liliandikwa chini ya Nyumba, jina lake, kiasi na tarehe, na yeye mwenyewe akatia sahihi. Likaonekana kwenye muhtasari wa mwezi mbele yetu sote. Alilipa kidogo kidogo kutoka kwenye gawio lake, na leo ndiye anayesimamia kituo chetu cha Kibwezi. Kosa likiwa na ukurasa, linakuwa deni, na deni hulipika. Lisipokuwa na ukurasa huwa uvumi, na uvumi haulipiki hata kwa ng'ombe.

Nikitazama nyuma, mafunzo ninayoyabeba si mengi. Nyumba ni mteja wa duka na lazima ilipe. Kipimo kisomwe na watu wawili, hata kama mmoja wao ndiye mwenye mali. Pesa ya bidhaa ijayo isiitwe faida. Watoto wote waione hesabu mzee akiwa hai, wakati swali linaweza kujibiwa na mtu anayejua jibu. Upendo wa ndugu ni mkubwa, lakini upendo haukumbuki tarehe wala kiasi. Mtu humpenda nduguye kwa moyo wote na bado akakumbuka shilingi elfu 50 pale nduguye anapokumbuka elfu 20.

Nakuandikia wewe mwenye duka la Mutomo, la Ikanga, la Kibwezi, la Mtito Andei, au popote pale ulipoandika "na Wanawe" juu ya mlango wako. Desemba hii watoto watarudi nyumbani kama kawaida yetu. Kabla mbuzi hajachinjwa na kabla wageni hawajafika, waite wote, mabinti kwa wana, uwawekee hesabu mezani. Waonyeshe unachomiliki, unachodaiwa na unachowadai watu. Kama hujawahi kuandika, nunua daftari, uanze siku hiyo hiyo mbele yao, na ukurasa wa kwanza uandike Nyumba.